Je, Picha ya Ubongo Yaweza Kutambua Maradhi ya Kurithi?

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Ndugu msomaji, wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Walinena hivyo kabla ya kuwako mashine ya kuchungulia ndani ya fuvu la mtu aliye hai, lakini methali yao na mada yangu ya mwaka huu zinafaana kama pete na chanda.

Nataka kueleza maradhi ya kurithi yanayomnyang'anya mtu mamlaka juu ya mwili wake mwenyewe. Mkono unaruka bila ya yeye kuutuma. Uso unajikunja na kujikunjua. Akitembea anayumba kama mtu aliye ndani ya mashua siku ya kusi kali, hali yeye yuko nchi kavu. Hapa kwetu Mokowe mtu wa namna hiyo akipita gatini hukosi kusikia maelezo matatu. Wa kwanza atasema kalewa. Wa pili atasema ana pepo. Wa tatu, naye huyu husema kwa sauti ya chini, atasema, "Ukoo wao ndivyo ulivyo." Katika hao ni wa tatu tu aliyekaribia ukweli, na hata yeye hajui ni kwa nini.

Katika makala haya nitaeleza mahali mwendo wa mwili unapotawaliwa katika ubongo, jinsi picha za ubongo zinavyopigwa, picha hizo zinaweza kusema nini, na wapi zinanyamaza. Jenetiki hufundishwa Kidato cha Nne, kwa hiyo nitajaribu kutumia lugha ambayo hata mdogo wangu wa Kidato cha Kwanza ataielewa.

UBONGO UNAVYOUTAWALA MWENDO

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kiasi cha kilo 1.4. Juu yake kuna tabaka la kijivu lililokunjamana, na hapo ndipo amri zinapotoka: nyanyua kikombe, piga hatua, funga kifungo. Lakini amri peke yake haitoshi. Ndani kabisa, kila upande wa ubongo, kuna mafungu ya seli ambayo kazi yake ni kuchuja amri hizo. Mwendo huu unaruhusiwa, ule unazuiwa.

Chukua mfano wa jahazi. Nahodha anatoa amri, lakini kati yake na mabaharia yuko serahangi. Serahangi akianguka, nahodha atapiga kelele mpaka sauti imkauke, na kila baharia atavuta kamba apendavyo. Mafungu yale ya seli ndiyo serahangi wa mwili.

Fungu moja lina kichwa kinene na mkia mrefu uliopinda, ndiyo maana madaktari walilipa jina la Kilatini lenye maana ya "chenye mkia". Mimi nitaliita kiini chenye mkia. Jirani yake ni fungu liitwalo putameni. Nyuma, upande wa kisogoni, kuna ubongo mdogo, ambao hupima mizani na shabaha.

Kila sehemu ikiharibika huacha alama yake. Kiini chenye mkia kikifa, mwili huanza kuchezacheza. Ubongo mdogo ukisinyaa, mtu hupepesuka na maneno yake huburuta kama ya mlevi, ingawa hajaonja kitu. Kwa hiyo daktari mzuri huanza kwa kumtazama mgonjwa akitembea, kabla hata hajafikiria mashine yoyote.

UGONJWA WA HUNTINGTON

Maradhi ya kurithi ya aina hii ni mengi. Nitashika moja liwe kielelezo, yaani ugonjwa wa Huntington.

Mwaka wa 1872 daktari kijana wa Marekani, George Huntington, akiwa na umri wa miaka 22, aliandika juu ya familia fulani za kule Long Island karibu na jiji la New York. Baba yake na babu yake walikuwa madaktari mahali pale pale, nao walikuwa wamezitibu familia hizo hizo kabla yake. Kwa kuunganisha yale waliyoyaona watu wa vizazi vitatu, kijana huyu alitambua jambo ambalo daktari mmoja peke yake asingeweza kuliona: ugonjwa ulishuka kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, na mtu akivuka maisha yake yote bila kuupata, watoto na wajukuu wake nao husalimika. Zingatia, ndugu msomaji, kwamba wakati huo hapakuwa na picha ya ubongo wala eksirei ya aina yoyote. Chombo chake kilikuwa kumbukumbu za familia. Tutakirudia chombo hicho.

Leo tunajua mengi zaidi. Ugonjwa huu mara nyingi huanza kati ya miaka 30 na 50, wakati mtu tayari ana watoto. Mwanzo wake ni mdogo sana: hasira za ghafla, huzuni, kusahau, kuangusha vyombo. Kisha huja kuchezacheza kwa mwili, na baadaye taabu ya kusema na kumeza. Kwa kawaida mgonjwa huishi na hali hiyo miaka 15 hadi 20. Dawa ya kuuponya haijapatikana, ila zipo dawa za kutuliza mwili na za kuondoa huzuni. Kila mtoto wa mgonjwa, awe wa kiume au wa kike, ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuurithi. Ni kama kurusha sarafu, na sarafu hurushwa upya kwa kila mtoto. Mtu mwenye watoto 4 asidhani kwamba lazima 2 wapate na 2 wapone. Wote wanaweza kupata, na wote wanaweza kusalimika.

MASHINE ZINAVYOPIGA PICHA

Wilhelm Röntgen wa Ujerumani aligundua miale ya eksirei mwaka wa 1895. Eksirei huonyesha mfupa vizuri, lakini ubongo ni laini na umefunikwa na mfupa pande zote, kwa hiyo picha ya kawaida ilikuwa ikionyesha fuvu tu. Ni kama kutaka kujua kilichomo ndani ya nyumba ya mawe kwa kutazama ukuta.

Mashine ya CT ndiyo iliyofungua mlango. Ilibuniwa na Mwingereza Godfrey Hounsfield, na mgonjwa wa kwanza alipigwa picha nayo tarehe 1 Oktoba 1971 katika hospitali ya Atkinson Morley, London. Hesabu zinazohusika na kazi hiyo zilikuwa zimekwisha kufanywa na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, Afrika ya Kusini, na mwaka wa 1979 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Katika CT, miale ya eksirei hupigwa kutoka pande nyingi kukizunguka kichwa, kisha kompyuta hukusanya vipimo na kuchora ubongo kipande kwa kipande, kama mkate uliokatwa.

MRI ni jambo jingine kabisa, haitumii eksirei. Mwili wetu umejaa maji, na ndani ya maji mna haidrojeni. Kiini cha kila atomu ya haidrojeni ni mfano wa sumaku ndogo sana. Mgonjwa akiingizwa katika sumaku kubwa, sumaku hizo ndogo hujipanga, kama sindano za dira zinavyoelekea kaskazini. Mashine kisha hutuma mawimbi ya redio yanayozisukuma, na mawimbi yakikatwa zinarudi mahali pake huku zikitoa ishara. Sehemu yenye maji mengi hutoa ishara tofauti na sehemu yenye mafuta, na kompyuta hugeuza tofauti hizo kuwa picha. Paul Lauterbur na Peter Mansfield walipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 2003 kwa kazi hiyo. Mashine nyingi za hospitali zina nguvu ya tesla 1.5, ambayo ni maelfu kwa maelfu ya nguvu ya sumaku ya dunia inayoongoza dira ya nahodha.

PICHA INAONYESHA NINI

Katikati ya ubongo kuna vyumba vyenye maji. Kwa mtu mzima wa afya, kiini chenye mkia kimekaa kwenye ukuta wa chumba na kimetokeza ndani kidogo, kama tumbo la mtungi. Katika ugonjwa wa Huntington seli za kiini hicho hufa polepole. Tumbo la mtungi linabonyea. Ukuta unanyooka, halafu unaingia ndani, na chumba cha maji kinapanuka kuchukua nafasi iliyoachwa wazi. Daktari wa picha akiona vyumba vya mbele vimepanuka na ukuta wake umenyooka, anajua ni nani amehama. Anaweza pia kupima umbali baina ya kiini cha kulia na cha kushoto, maana unazidi kadiri vinavyosinyaa.

Watafiti waliowafuata kwa miaka mingi watu waliorithi jeni hii wamegundua kwamba kusinyaa huko huanza zaidi ya miaka 10 kabla ya mkono kuruka mara ya kwanza. Lakini hayo huonekana kwa vipimo vya makini vya watu wengi wakilinganishwa. Kwa mgonjwa mmoja aliye mwanzoni mwa ugonjwa, picha inaweza kuonekana safi kabisa machoni pa daktari.

Hapo ndipo mtu atauliza, basi picha ya nini? Jibu ni kwamba faida kubwa ya picha ni kuondoa yale ambayo siyo. Si kila mwili unaochezacheza umerithi. Mzee mwenye kisukari, sukari yake ikiwa imepanda sana kwa muda, anaweza kuanza kurusha mkono na mguu wa upande mmoja, na CT mara nyingine huonyesha weupe katika putameni ya upande wa pili. Sukari ikishushwa, mara nyingi mwili hutulia. Kiharusi kidogo mahali pabaya kinaweza kufanya vivyo hivyo, na picha itakionyesha. Mtoto wa shule aliyeumwa na koo kwa vijidudu vya streptokoki asipate dawa anaweza, baada ya wiki au miezi, kuanza kuchezacheza mpaka kalamu imtoke mkononi. Picha yake kwa kawaida haina kasoro, na wengi hupona, ila moyo wake lazima uchunguzwe kwa sababu maradhi hayo hayo huweza kuuharibu. Wangapi kati ya hawa wamepelekwa kupungwa pepo, na muda ukapotea?

Yapo pia ya kurithi yenye dawa, na hili ndilo ningependa likumbukwe kuliko yote. Ugonjwa wa Wilson, ulioelezwa na Samuel Alexander Kinnier Wilson mwaka wa 1912, hutokana na ini kushindwa kuitoa mwilini madini ya shaba tunayoila katika chakula. Shaba hujikusanya katika ini na katika ubongo. Kijana huanza kutetemeka, kukakamaa na kutokwa na mate, na pembeni mwa mboni huweza kuonekana pete ya rangi ya kahawia. Picha ya MRI huonyesha mabadiliko katika putameni, na kwa baadhi ya wagonjwa sehemu ya kati ya ubongo hufanana na uso wa panda, yule mnyama wa Uchina. Tangu John Walshe alipoileta dawa ya penisilamini mwaka wa 1956, ugonjwa huu unatibika, mradi ugunduliwe mapema. Huu hurithiwa kwa njia nyingine: lazima baba na mama wote wawe wamebeba jeni hiyo, na hapo kila mtoto ana nafasi 1 katika 4. Watu wa ukoo mmoja huweza kubeba jeni moja, na kwetu kuoana mtoto wa ami kwa mtoto wa ami si ajabu. Sisemi watu wasioane. Nasema ndoa za namna hiyo zikiwa na mtoto anayetetemeka, apelekwe hospitali upesi, asingojewe.

YALIYOMPATA AMI YANGU

Ruhusa ya kuandika sehemu hii nimepewa na ami mwenyewe. Nilipomwuliza alisema, "Heri nichekwe kwa ugonjwa nilio nao kuliko ulevi nisioujua."

Ami ana miaka 44. Alikuwa fundi wa mashua. Miaka 6 iliyopita alianza kuangusha patasi na nyundo, na vidole vyake vikacheza kama mtu anayepiga zumari. Kwenye zahanati moja aliambiwa aache kunywa. Kwa mganga mmoja alilipa mbuzi. Babu yangu mzaa baba, ambaye alikufa kabla sijazaliwa, alikuwa vivyo hivyo, na nyumbani ilisemekana kwamba alikuwa na pepo apendaye ngoma.

Mwaka juzi daktari mmoja alimwandikia picha ya ubongo, tukachanga, na baba akampeleka Mombasa, safari ya zaidi ya kilomita 300. Kule wakakutana na shida ambayo sikuifikiria. Picha ya MRI hutaka mtu alale kimya kwa nusu saa hivi huku mashine ikigonga kama fundi wa mabati, na mtu ambaye ugonjwa wake ni kutotulia atatuliaje? Picha za kwanza zilitoka na ukungu. Ilibidi apewe dawa ya usingizi, maana usingizini mwili wake hutulia. CT ingemaliza kwa muda mfupi, lakini ingeonyesha kwa uwazi mdogo.

Majibu yaliandikwa kwa maneno machache: hakuna uvimbe, hakuna kiharusi, viini vyenye mkia vimesinyaa pande zote mbili. Baba aliyasoma mara nyingi akitafuta neno "kurithi" na hakuliona. Alidhani daktari amesahau. Kumbe hakusahau, picha haiwezi kuliandika neno hilo.

PICHA INAPONYAMAZA, DAMU HUSEMA

Mwaka wa 1983 watafiti walipata alama ya ugonjwa wa Huntington kwenye kromosomu ya 4, na mwaka wa 1993 jeni yenyewe ikapatikana. Damu nyingi iliyotumika katika kazi hiyo ilitolewa na familia za ufukoni mwa ziwa Maracaibo, Venezuela, ambako ugonjwa huu umeenea sana.

Jeni ni kama maandishi yenye herufi nne tu. Katika jeni hii kuna neno la herufi tatu, C, A na G, linalojirudia. Kwa watu wengi hujirudia chini ya mara 27, na hakuna tatizo. Likijirudia mara 40 au zaidi, mtu huyo atapata ugonjwa akijaaliwa umri. Kati ya 36 na 39 anaweza kupata au asipate. Ni kama karani aliyesinzia akaandika neno moja tena na tena mpaka barua ikapoteza maana. Protini inayotengenezwa kwa barua hiyo huziua seli, na zile za kiini chenye mkia na putameni ndizo dhaifu zaidi.

Ushahidi kwamba picha haitoshi tunao hapa hapa Afrika. Mwaka wa 2001 wanasayansi walieleza jeni ya ugonjwa mwingine, unaofanana na wa Huntington kwa dalili na kwa picha, ila kosa lake liko kwenye jeni nyingine kabisa. Karibu wagonjwa wake wote wanaojulikana wana asili ya Kiafrika, na wengi wameonekana Afrika ya Kusini. Ukiziweka picha za ubongo za wagonjwa hawa wawili mezani, hata bingwa hatazitenganisha. Damu itazitenganisha. Kwa hiyo picha ni shahidi anayesema, "Nimeona nyumba imebomoka hapa." Anayejua ni nani aliyeibomoa ni damu.

Damu ya ami ilipelekwa maabara ya nje ya nchi. Jibu lilikuwa 44, sawa na umri wake.

DAMU ILIYOVUKA BAHARI

Kwa muda mrefu vitabu viliuchukulia ugonjwa wa Huntington kuwa wa Wazungu, na Mwafrika akionekana nao ilidhaniwa ameupata kwa kuchanganya damu. Mwaka wa 2020 ulichapishwa utafiti uliopindua fikira hiyo. Daktari Mwitalia Ferdinando Squitieri na wenzake, wakishirikiana na wataalamu wa Oman, walizichunguza familia za Oman zenye ugonjwa huu. Walifuata alama zilizo jirani na jeni, zile zinazorithiwa pamoja nayo, kama mfuatiliaji anavyofuata nyayo mchangani. Nyayo zikarudi nyuma hadi kwa mzazi mmoja wa Kiafrika, ambaye kwa uzao wake ugonjwa ulisambaa Mashariki ya Kati.

Sisi wa Lamu tusishangae. Kwa karne nyingi kaskazi imeleta majahazi kutoka Arabuni na kusi imeyarudisha, yakiwa na mangrovi, yakiwa na wachumba, yakiwa pia na watu waliotekwa na kuuzwa. Kila aliyepanda alichukua damu yake. Nyumba nyingi hapa zina jamaa Muscat, na nyumba nyingi za Muscat zina bibi aliyetoka pwani hii. Jeni haina pasipoti. Nami sikutaja habari hii ili mtu amnyoshee mwenzake kidole, kwamba nyinyi mlileta au sisi tuliwapa. Nimeitaja kwa sababu inaonyesha kwamba mtu wa Mokowe anayechezacheza mwili ana haki ya kupimwa ugonjwa huu kama Mmarekani yeyote, asiambiwe kwamba kwetu haupo.

KUJUA AU KUTOJUA

Sasa nafika penye uzito. Baba yangu na ami ni wa tumbo moja. Kwa hesabu niliyoieleza, baba ana nusu kwa nusu, na mimi, kabla baba hajapimwa, nina robo. Yeye ni mzima, anavua na kuendesha mashua, na hajapimwa. Nilimwuliza kwa nini. Alinijibu kwamba akipimwa yeye akapatikana nao, atakuwa amenipa mimi habari ambayo sikuiomba.

Nilitaka kupimwa peke yangu, nimalize. Nikafahamishwa kwamba kwa taratibu zinazofuatwa na madaktari duniani kote, mtoto asiye na dalili hapimwi ugonjwa huu mpaka atimize miaka 18. Mwanzo niliona wananidharau. Sasa naona maana yake. Jibu likishatolewa halirudi, na hakuna dawa itakayotangulia kumeza nikijua. Kwa hiyo hilo ni jambo la mtu mzima kuamua mwenyewe, akiwa na mshauri, bila kusukumwa na baba, mchumba wala mwajiri. Vile vile hakuna daktari atakayekupiga picha ya ubongo ili kukutabiria, kwa sababu picha safi leo si ahadi ya kesho.

Nancy Wexler, mwanasayansi wa Marekani aliyeongoza utafiti wa Venezuela, alikuwa na mama aliyekufa kwa ugonjwa huu mwaka wa 1978. Aliisaidia dunia kupata kipimo, na hata hivyo kwa miaka mingi alisema wazi kwamba kuamua kupimwa si jambo jepesi. Mwaka wa 2020, akiwa na umri wa miaka 74, alitangaza kwamba na yeye anao. Katika miaka hiyo yote alifanya kazi kubwa. Hilo limenifunza kwamba robo yangu, au hata nusu, haiwezi kuwa sababu ya kutofanya kazi yangu ya hesabu ya jioni.

TUFANYE NINI HAPA KWETU

Mashine zitakuja karibu, naamini. Mwaka wa 2022 kule Mbarara, Uganda, Johnes Obungoloch na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, wakisaidiana na wataalamu wa Uholanzi na Marekani, waliiunganisha mashine ndogo ya MRI papo hapo kwa siku 11. Nguvu yake ni kama tesla 0.05 tu, na picha zake si kali kama za mashine kubwa. Ilikusudiwa watoto wenye vichwa vilivyojaa maji, ambao daktari anataka kuona ukubwa wa vyumba vya ubongo. Iwapo Mbarara imewezekana, pwani nayo yawezekana.

Lakini kipo chombo kisichongoja umeme wala barabara, kile cha George Huntington. Sisi watu wa visiwa hivi tunajua nasaba. Wako wazee wanaoweza kutaja mababu kumi bila kuvuta pumzi. Tatizo ni kwamba nasaba zetu husema nani alimzaa nani, na wapi alizikwa, hazisemi aliumwa na nini. Ndiyo maana babu yangu alibaki na pepo apendaye ngoma mpaka mwanawe alipopimwa.

Kwa hiyo nawaomba wanachama wenzangu, likizo hii chukueni karatasi. Andikeni babu na bibi pande zote mbili, wajomba, mashangazi na maami. Kando ya kila jina andikeni alianza kuumwa na nini, na akiwa na umri gani. Ulizeni kwa adabu, na kwa faragha, maana karatasi hiyo ni ya nyumbani, si ya kubandikwa ukutani. Siku mtu wa nyumba yenu atakapopelekwa kupigwa picha, apewe karatasi hiyo mkononi. Daktari atakayeitazama picha akiwa na nasaba kando yake ataona mara mbili ya yule atakayeitazama picha peke yake.

Na mkimwona mtu gatini mkono wake unaruka, mpisheni njia na mumsalimu. Masikio yake yanasikia vizuri.

Kwa hayo machache natia nanga.